Kanga ya Bibi, Fidla ya Mjukuu



Kabla binti yetu hajapanda jukwaani, naomba dakika chache. Kipande atakachopiga amekitunga mwenyewe, cha fidla peke yake, kwa kuzikumbuka nguo kuukuu za nyumbani kwao Unguja. Kuna walioniuliza: fidla tupu, bila muimbaji, ni yetu hiyo? Ni yetu. Wapenzi wa taarabu mnaijua taksim, kundi zima linaponyamaza na kumwachia mpigaji mmoja uwanja. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, kimetulelea mafundi wa kazi hiyo.

Wenzetu wa Ulaya nao wameitumia fidla tupu kukumbuka ya nyumbani. George Enescu, mzaliwa wa Liveni, Romania, alipelekwa Vienna kusomea muziki akiwa na miaka 7 tu. Mwaka 1940, akikaribia miaka 60, akatunga Impressions d'enfance kuukumbuka utoto wake. Sehemu ya kwanza inapigwa na fidla pekee: anamkumbuka mpiga fidla wa kijijini.

Binti yetu anayo kanga ya bibi yake. Mtazameni akiiweka fidla begani: kitambaa anachokikunja chini ya kidevu ni kipande cha kanga hiyo. Pindo limefifia, na katika jina zimebaki herufi chache. Ilianza kuvaliwa harusini, ikashuka jikoni, ikawa mbeleko, mwisho ikachanwa iwe ya kuchujia tui. Muziki wake unafuata njia hiyohiyo. Unaanza kwa shangwe, unapoa ukawa bembelezo, kisha anauweka upinde na kudonoa nyuzi kwa vidole. Nyuzi mbili nyembamba amezilegeza kitaarabu, sol-re-sol-re, kwa hiyo mtasikia sauti nzito kuliko ya fidla za okestra za huku ugenini. Mimi nimeusikia mazoezini, na nasema kwa dhati: ni kazi nzuri mno.

Ndugu zangu, nguo kama hizi zimo masandukuni mwetu, na kila tukihama nyumba tunazitupa. Mtoto aliyezaliwa huku atatungaje kuhusu nguo asiyosimuliwa? Nawaomba Jumamosi ijayo kila familia ilete nguo moja ya zamani, pamoja na mtu wa kuieleza: nani aliinunua, nani alibebwa nayo. Hata iliyochanika ileteni. Watoto waje na ala zao. Mzee asiye na usafiri aniambie leo kabla hatujatawanyika, tumpangie gari.