Aliyezima na Aliyewasha



Leo nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeiandaa, kwa sababu ya barua moja. Imetoka kwa kijana afanyaye kazi katika karakana moja jijini Dar es Salaam. Jina lake ninalo, jina la mwajiri wake pia ninalo, na yote mawili yatabaki mezani kwangu. Ameanza kwa shikamoo, nami naitikia marahaba. Kisha anauliza swali fupi sana: nisaini au nisisaini?

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana huyu huendesha mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Alikuwa akichonga kalibu ya kutengenezea vifuniko vya plastiki, na kazi ilikwisha kwenda kwa muda wa saa 11. Ghafla akaona lile pande la chuma linacheza ndani ya jiliwa linaloubana. Akabonyeza kitufe chekundu cha dharura, na mashine ikasimama. Msimamizi akaja mbio. Akakaza jiliwa, akakiinua kisu, akaamuru: "Anzia hapo hapo ulipoishia." Kijana akasema afadhali waanzie nyuma kidogo. Akajibiwa kuwa mteja anasubiri. Mashine ikawashwa. Kisu kikapita hewani kwa sekunde chache, halafu kikashuka kama mwewe, kikaingia ndani ya chuma na kuvunjika. Kalibu ikaharibika. Sasa kijana ameletewa karatasi ya kukubali kukatwa mshahara, na sababu iliyoandikwa ni kwamba "alisimamisha mashine bila idhini".

Nianze na hilo neno idhini, maana limeniudhi.

Kitufe cha dharura kina kanuni zake za kimataifa, ISO 13850. Huwa chekundu, na nyuma yake huwekwa rangi ya njano, ili hata mgeni aliyeingia karakanani leo asubuhi akione. Kimewekwa mahali ambapo mkono unafika upesi. Kikibonyezwa, ama umeme wa mota hukatwa papo hapo, ama mashine hupunguza mwendo kwanza kwa breki na kisha umeme ukakatwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu atafute msimamizi kwanza. Pande la chuma likichomoka kwenye jiliwa huku kisu kinazunguka mara maelfu kwa dakika, hata kumwita msimamizi hutawahi.

Kanuni hizo hizo zinasema jambo la pili, ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Kukiachia kitufe, kwa kukizungusha au kukivuta, hakupaswi kuiwasha mashine. Kunairuhusu tu iweze kuwashwa. Kuiwasha ni kitendo kingine kabisa, kwa kitufe kingine. Kati ya vitendo hivyo viwili binadamu ameachiwa nafasi ya kukagua na kufikiri, na kwa mujibu wa barua hii nafasi hiyo ndiyo iliyorukwa.

Kwa nini basi "hapo hapo ulipoishia" pana hatari? Si chungu cha wali hiki, kwamba mkaa ukizimika unawasha tena na wali unaendelea kuiva. Programu ya mashine hii ni kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwanzoni humwambia: hesabu kwa hatua, na anzia kwenye mlango wa msikiti. Baada ya hapo hayarudii tena hayo. Husema tu kumi kulia, ishirini mbele, tano kushoto. Sasa mgeni huyo azimie njiani, azinduke, umwambie "ishirini mbele". Atakwenda, lakini ishirini za nini, na kutoka wapi?

Ndivyo ilivyo katika lugha ya mashine hizi, ambayo asili yake ni mashine iliyoonyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, ikisoma amri zake kutoka kwenye utepe uliotobolewa matundu. Amri ya G21 husema vipimo ni milimita. G20 husema ni inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. G90 husema hesabu kutoka sifuri ya kazi. G91 husema hesabu kutoka hapo ulipo. G54 hutaja sifuri ya kazi iko wapi. G43 huiambia mashine izingatie urefu wa kisu. Hutamkwa mara moja, kisha zikaendelea kutawala kimya kimya mistari mingi inayofuata. Ukianzia katikati, mistari hiyo haina habari nazo. Na katika mashine nyingi, kutegemea zilivyopangwa, kitufe cha dharura hufuta baadhi ya amri hizo.

Kwa maelezo ya kijana, kisu chake kilitokeza milimita 120. Ikiwa amri ya urefu ilikuwa imefutwa, basi mashine ilipoambiwa ishuke, ilijihesabu kana kwamba haijashika kisu chochote. Ikashuka milimita 120 zaidi ya ilivyotakiwa. Kwa macho ya kompyuta kila kitu kilikuwa sawasawa.

Lakini hata kama amri hiyo ingekuwapo, kazi isingetoka salama. Kumbukeni kwamba pande lilikuwa limecheza. Jiliwa likakazwa pale pande lilipohamia, na hakuna aliyepima upya. Mwenye karakana yeyote anaijua saa ya kupimia, ile ya mshale unaoonyesha sehemu ya mia moja ya milimita. Kuipitisha pembeni mwa pande ni kazi ya dakika tano. Ingesema kama sifuri ya kazi bado iko palepale au la.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kazi iliyokatizwa huweza kuendelea, nami nimewaona mafundi wakiiendeleza vizuri hata mshono usionekane. Huiinua mashine mpaka juu kwa mkono, mbali na chuma. Kama ni mashine ya zamani isiyokumbuka ilipo baada ya kuzimwa, huirudisha kwanza kwenye alama zake za sifuri. Hukitazama kisu kwa kioo cha kukuzia, maana kilichosimama ghafla ndani ya chuma mara nyingi huwa kimemeguka ncha. Hupima pande. Ndipo huirudisha programu nyuma mpaka mahali kisu kilipoitwa, pale amri zote zinapotamkwa upya, na kuiacha ipite tena njia ile ile juu ya sehemu iliyokwisha chongwa. Mwendo huwekwa wa chini, na mkono hauondoki kwenye kitufe cha kusimamisha.

Yako mahali ambapo hata fundi hodari haanzii. Katikati ya tao ni mahali pamoja, kwa sababu tao huhesabiwa kutoka mwanzo wake, na ukibadilisha mwanzo umebadilisha duara lote. Kukata hesi ndani ya tundu ni balaa zaidi: kisu kikisimama mle ndani, hutolewa kwa kuzungushwa kinyumenyume kwa hesabu ile ile ya hesi. Ukikivuta tu juu, utabaki na hesi iliyokwanguliwa na labda kisu kilichokatika shimoni.

Haya yote hayaihusu dharura peke yake. Umeme ukikatika ghafla hali huwa ni hiyo hiyo, na sisi tuliopitia mgawo wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 hatuhitaji kuelezwa. Ndiyo maana nashangaa karakana yenye mashine ya thamani kama hiyo kukosa karatasi moja ukutani inayosema kazi ikikatika ifanyweje.

Kijana anasema kuanzia kisu kilipoitwa kungewagharimu dakika 25.

Sasa swali lake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kumkata mfanyakazi mshahara kufidia hasara kwa kutaka tu. Ni lazima mfanyakazi akubali kwa maandishi. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake. Ni lazima aelezwe kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na hesabu yake, na apewe nafasi ya kulipinga. Na hata akikubali, makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Basi karatasi hiyo inahitaji saini yake kwa sababu bila saini haina nguvu. Asisaini. Ajibu kwa barua, kwa heshima, bila kumtukana msimamizi, ambaye huenda naye alikuwa akisukumwa na wa juu yake. Aeleze kwamba alizima kwa sababu pande lilikuwa linachomoka, na kwamba baada ya kuzima chuma kilikuwa kizima. Aandike saa aliyozima, mstari wa programu ilipoishia, nani aliamuru iwashwe na yeye alisema nini. Nakala abaki nayo. Wakimkata kwa nguvu, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asikawie kwenda.

Na kile kisu kilichovunjika, kama bado kipo, aombe kihifadhiwe pamoja na kalibu. Alama za mahali kilipoingia zitaonyesha kama kuharibika kulitokea kabla ya kuzima au baada ya kuwasha.