MIRATHI, TALAKA NA HAKI ZA MWANANCHI: WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA WA SHERIA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Hapana nyumba katika visiwa vya Unguja na Pemba isiyofikwa na ndoa, talaka au kifo. Haya ni mambo ya faragha, lakini kila moja limefungamana na haki zilizowekewa mpaka na mahala pa kudaiwa. Aghlabu mwananchi hupoteza haki yake si kwa kuwa sheria imemnyima, bali kwa kuwa alinyamaza kwa haya, akaja kuuliza wakati mali imekwisha kuuzwa.

Mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa Sheria Nam. 9 ya 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Wasiokuwa Waislamu hupeleka mashauri yao katika mahakama za kawaida. Asiyeridhika na hukumu anayo haki ya kukata rufaa, lakini rufaa ina muda wake, haifai kungojea.

MIRATHI

Kabla ya kugawa mali ya marehemu wa Kiislamu, hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi moja. Wasia kwa mrithi haupiti ila kwa ridhaa ya warithi wenziwe. Mahari ambayo mke hakulipwa ni deni juu ya mali ya mumewe. Aidha, kitu alichokinunua mke kwa fedha yake si mali ya marehemu, na hakiingii katika mirathi hata kikiwa ndani ya nyumba ile ile.

Tuchukue mfano wa mume aliyefariki baada ya wazazi wake, akaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Mke hupata thumni. Kinachobakia ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Mali ikifanywa mafungu 40, mjane hupata 5, kila mtoto wa kiume 14, na binti 7. Kwa hivyo, yule kaka mkubwa anayeshika funguo za nyumba si mwenye nyumba. Akiiuza bila ya ridhaa ya mama na ndugu zake, ameuza na kisichokuwa chake, na mnunuzi naye amejitia katika kesi.

Kuchelewesha mgao huzaa mashaka. Mrithi mmoja akifariki kabla ya kugawa, fungu lake huwahamia warithi wake, na nyumba ya watu wanne huweza kuwa ya watu ishirini. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo yenye dhamana ya kusimamia mirathi ya Waislamu na kutayarisha hesabu ya mafungu.

Kwa upande wa ardhi, Sheria Nam. 12 ya 1992 imeiweka ardhi yote kuwa ya umma, na mwananchi hupewa haki ya matumizi. Mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 yana masharti yake. Warithi waulize Kamisheni ya Ardhi kabla ya kuligawa au kuliuza shamba la namna hiyo.

TALAKA

Talaka isibakie maneno ya mdomoni. Inapasa iandikishwe, ili mke aijue tarehe ya kuanza edda yake na awe na ushahidi akitaka kuolewa tena. Baba anabakia na wajibu wa kuwalisha na kuwavisha watoto wake, hata kama ndoa imekwisha.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Mwananchi asingoje pindi:
(a) akitakiwa kutia saini au dole gumba katika karatasi asiyoifahamu;
(b) akipokea hati ya wito wa mahakama;
(c) kukiwa na mrithi mtoto mdogo au aliye safarini;
(d) akisikia mali ya urithi inatafutiwa mnunuzi;
(e) akiachwa bila ya hati, au watoto wakikosa matunzo.

Hatua ya mwanzo ni kwa Sheha wa shehia yake. Achukue cheti cha kifo, cheti cha ndoa au cha talaka, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati za mali. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 imeweka utaratibu kwa ajili yake. Wapo pia wasaidizi wa sheria, na kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992.

Wahenga walisema: mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Kila mwenye nyumba na aandike alichonacho na anachodaiwa angali hai, na karatasi zake aziweke pahala panapojulikana na mke na watoto. Kufanya hivyo si kujitabiria mauti, bali ni kuwaepusha anaowapenda na ugomvi.