Tusipige Kura kwa Hasira Wala kwa Uchungu
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa ushirika)



Tumekutana kuzungumza habari ya mashine yetu ya kusaga. Wengine wanasema iuzwe leo leo, kwa bei yoyote. Wengine wanasema haiuzwi hata kwa dhahabu. Tumesikiliza pande zote, na tunaona hesabu bado haijasema. Iliyosema ni mioyo.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza. Mwaka 1990 Daniel Kahneman na wenzake walitoa matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa vyuo. Wanafunzi wengine walipewa magi, ikawa mali yao. Wengine hawakupewa. Wenye magi wakaulizwa watauza kwa bei gani, na wasio nayo watanunua kwa bei gani. Magi ni zile zile, lakini wenye nazo walitaka kama mara mbili ya wenzao walivyokuwa tayari kutoa. Uchungu wa kupoteza unazidi utamu wa kupata.

Na magi hizo walikaa nazo muda mfupi tu! Sisi matofali ya kibanda cha mashine tuliyabeba kichwani. Hatuwezi kuitazama kama mgeni anavyoitazama.

Basi tuzifukuze hisia? La, hasha! Daktari Antonio Damasio aliandika mwaka 1994 habari za mgonjwa mmoja huko Marekani, aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo. Akipimwa akili anafaulu vizuri, lakini hisia zake zilikuwa zimepoa. Akashindwa kuamua mambo ya maisha, akapoteza kazi, fedha na ndoa. Kumbe moyo ndio unaotuonyesha kipi kina thamani kwetu. Ila usiachiwe usukani peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Mweka hazina abandike hapa mapato na gharama za mashine za misimu miwili iliyopita, pamoja na dizeli na vipuri.

2. Kila mmoja ajiulize: kama mashine hii isingekuwa yetu, je, tungeinunua leo kwa bei hiyo?

3. Mwenye hasira aseme yote leo, mbele ya wote. Kura tupige Jumamosi. Wazee walisema, hasira hasara.

Ikiuzwa ama ikibaki, uwe uamuzi wetu sote.



Katibu