Mtoto wa Kwanza Kufika Iniversite Anahitaji Filipo

Somo: Matendo ya Mitume 8:26-40

Leo tunasema na vijana walio wa kwanza katika jamaa yao kuingia iniversite, na wazazi wao pia.

Tumesoma habari ya towashi wa Etiopia. Alikuwa mtu mkubwa, msimamizi wa hazina yote ya Kandake. Gari alikuwa nalo, kitabu alikuwa nacho, kusoma alijua. Lakini Filipo alipomwuliza kama anaelewa, hakujifanya. Alikubali kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akampandisha, wakaketi pamoja. Tuone jambo hili: Mungu alimjibu kwa kumtumia mtu.

Kijana, nyumbani waliuza mbuzi, wengine kipande cha shamba, ili upate minerval. Mama anakuombea kila usiku, lakini hawezi kukueleza krediti ni nini. Umeingia katika mfumo wa LMD: lisansi ni miaka 3, kila mwaka krediti 60. Ukinyamaza, kozi moja iliyokushinda itakuwa tatu, na pesa ya mbuzi itapotea bila mtu wa nyumbani kujua sababu. Kuomba ni lazima, lakini kuomba hakuondoi kuuliza. Uliza asistanti, uliza aliyekutangulia mwaka, uliza sekretarieti ya fakulte.

Na ukiona fakulte si yako? Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, alisoma kwanza miaka 2 politekiniki Kinshasa. Ndipo akaenda Burundi kusomea udaktari, na mwaka 2018 akapewa Nobeli ya Amani. Kubadili njia kwa maombi na kwa shauri si aibu.

Wazazi, msiseme kwamba hamkusoma, basi hamna neno. Mwulizeni kila juma: unasoma nini sasa? Ni nini kinakushinda? Nani anakusaidia?

Na ninyi mliomaliza masomo: Roho alimwambia Filipo alisogelee lile gari. Jumapili hii baada ya ibada, kila mmoja wenu amsogelee kijana mmoja. Amwonyeshe namna ya kujiandikisha, ampe silabusi zake za zamani, ajue namba yake ya simu.

Towashi alikwenda zake akifurahi. Bwana awape vijana wetu furaha hiyo, na atutume sisi kwao. Amina.