Kusi, Kaskazi na Moshi wa Nyika: Hewa ya Maziwa Makuu Wakati wa Kiangazi

Mwaka 2016 jiji la Kigali lilianzisha siku za kutembea bila magari. Jumapili asubuhi barabara kubwa hufungwa, watu wakatoka kukimbia na kuendesha baiskeli. Siku hiyo ikiangukia Julai, hata hivyo, mkimbiaji huvuta moshi ambao hakuna askari wa barabarani awezaye kuusimamisha. Umetoka kwenye nyasi zinazoungua mamia ya kilomita kusini, nje ya mipaka ya nchi.

Hoja ya mada hii ni kwamba sera za hewa safi katika ukanda huu zimeyakazia macho magari na majiko, zikaisahau nyika. Majiko yanastahili kutajwa, bila shaka: moshi wa kuni huua ndani ya nyumba mwaka mzima, na mkakati wa Tanzania wa 2024 unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lakini moshi wa nyika una msimu wake, na chenye msimu hupangiwa ratiba.

Ushahidi mzuri uko juu ya mlima Mugogo, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Kituo cha kupima hewa kilichoanzishwa hapo na serikali ya Rwanda pamoja na chuo kikuu cha MIT cha Marekani kimeonyesha masizi, kaboni monoksaidi na ozoni vikipanda mara mbili kwa mwaka: Juni hadi Agosti, kisha Desemba hadi Februari. Nahodha wa jahazi angeutambua mpangilio huo bila mashine. Wakati wa upepo wa kusi, hewa inayofika Mugogo imepita juu ya nyika za kusini mwa ikweta, zilizokauka na kushika moto. Kaskazi ikipokea zamu, moto nao umehamia upande wa pili, Sudan Kusini na majirani zake. Mvua ndizo zinazoisafisha hewa katikati.

Nani anawasha? Mkulima wa Tabora amefyeka, amerundika matawi, na anataka majivu kabla mvua hazijaanza. Mfugaji anataka nyasi kuukuu ziondoke ili machipukizi laini yatoke. Mrina asali hupanda mtini na mwenge wa majani makavu, akawafukiza nyuki, na cheche zikidondoka chini hana maji ya kuzizima. Semina nyingi huwaita watu hawa waharibifu, kisha washiriki wakaenda kunywa chai. Kila mmoja wao ana hesabu zake, na hesabu hizo si za kipuuzi.

Nyasi kavu huwaka kwa ndimi ndefu na kwisha upesi. Balaa liko kwenye magogo na mizizi inayofukuta usiku kucha: kila kilo inayoungua hivyo hutoa chembe na kaboni monoksaidi nyingi zaidi. Chembe zenye kipenyo cha chini ya maikromita 2.5 hazizuiliwi na pua. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliteremsha kiwango cha chembe hizo kwa wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Kigali ni mji wa vilima, na usiku wa kiangazi hewa baridi hutuama mabondeni, moshi mgeni ukachanganyika na wa mkaa.

Dawa inayojulikana ni kuchoma mapema, Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu. Moto hutambaa chini, hufia kwenye majani mabichi, na kuacha mabaka yanayouzuia moto mkali wa Septemba. Huko Kilwa shirika la MCDI limeijaribu njia hii pamoja na vijiji vyenye misitu ya mpingo. Arnhem Magharibi, Australia, walinzi wa Kiaborijini wamekuwa wakilipwa tangu 2006 kwa gesijoto wanazozuia. Tahadhari moja: majani mabichi hutoa moshi mzito zaidi kwa kila kilo. Faida hupatikana tu ikiwa eneo lote linaloungua kwa mwaka limepungua. Kijiji kinachochoma Mei kisha kikachoma tena Septemba kimeongeza moshi.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 tayari ina masharti ya uchomaji. Pendekezo ni kwamba vibali vitolewe kwa kuangalia pia upepo. Moto wenyewe unaweza kufuatiliwa: setilaiti zenye kifaa cha VIIRS, kinachotambua moto, hupita kiasi cha saa saba na nusu mchana, na ramani zao za moto hupatikana bure ndani ya saa chache.

Ugumu uko kwenye fedha. Kikosi cha kijiji kinachochoma mapema kinahitaji posho, ilhali wanaofaidika na hewa safi wako pia ng'ambo ya mpaka, na si haki halmashauri moja ibebeshwe gharama za mapafu ya nchi tatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoipokea Sudan Kusini mwaka 2016 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, sasa inakusanya sehemu kubwa ya nchi zinazopelekeana moshi huu. Suala la nani alipe lipelekwe huko, kabla ya kusi ijayo.