TUWAJUE VIPEPEO NA NDEGE WETU
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Muheza)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya vipepeo na ndege. Tunajua wapo watakaonong'ona, "Jamani, hayo si mambo ya watoto?" Subirini kidogo. Hapa Muheza tunalima machungwa. Mwenye kitalu anaamka asubuhi, anakuta majani machanga ya miche yake yameliwa, vimebaki vijiti. Nani kala? Wengi wetu hukimbilia dawa kabla ya kumjua mlaji. Dawa ni fedha, tena dawa haichagui. Inaua na nyuki.

Basi tumtafute mlaji. Yupo kipepeo mkubwa mweusi, mwenye madoa mengi ya manjano. Mnamwona kila siku akirukaruka juu ya michungwa na milimau. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Sisi tumwite kipepeo wa michungwa, inatosha. Yeye mwenyewe hali majani, hunyonya maji matamu ya maua. Lakini jike hutaga mayai kwenye majani machanga, moja hapa, moja pale. Yai ni dogo, la mviringo, rangi yake manjano hafifu. Ndani yake hutoka kiwavi, na huyo ndiye mlaji.

Kiwavi huyu ni mjanja. Akiwa mdogo ni mweusi mwenye mabaka meupe, amefanana kabisa na kinyesi cha ndege. Unampita tu. Akikua anajivua ngozi, anakuwa wa kijani kama jani lenyewe. Mguse kwa kijiti uone: nyuma ya kichwa zinatoka pembe mbili laini, nyekundu, zenye harufu kali. Ni vitisho tu, hazichomi. Baadaye anajifunga kwenye tawi kwa uzi wake mwenyewe, anakuwa pupa, na humo hutoka kipepeo.

Mkishamjua, kazi ni nyepesi. Mchungwa mkubwa hauangamizwi na viwavi wachache, maana una majani mengi. Mche ndio unaoumia. Kwa hiyo pita kitaluni asubuhi, geuza majani machanga, ondoa mayai na viwavi kwa mkono. Kwa kitalu kidogo hilo linatosha.

Wenzetu wa vijiji vya huko juu, karibu na Amani, walikwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi waliwafuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa nchi za nje, kwenye nyumba za maonyesho. Ilibidi wamjue kila kipepeo na jani lake, maana kiwavi wa huyu hali jani la yule. Mwaka 2016 Serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo. Soko likafungwa. Wafugaji waliumia, tusifiche.

Sasa, kumtambua kipepeo si rangi peke yake. Yupo kipepeo wa rangi ya machungwa, ncha za mabawa yake nyeusi zenye madoa meupe. Ndege hawapendi kumla, kwa sababu alipokuwa kiwavi alikula mimea yenye utomvu wa sumu. Yupo na mwingine, jike, aliyevaa nguo zile zile, lakini yeye hana sumu. Anaazima sura tu ili ndege wamwogope! Utawatenganishaje? Tazama bawa la nyuma. Wa kwanza ana vidoa vyeusi vitatu au vinne. Yule mwigaji ana kimoja tu, karibu na ukingo wa mbele. Akiruka huwezi kuvihesabu.

Hapo ndipo simu yenye kamera inaposaidia. Siku hizi vijana wanazo. Nendeni asubuhi, jua likianza kupanda. Kipepeo bado ana baridi, anakunjua mabawa aote jua. Msogelee polepole, kivuli chako kisimwangukie, maana kivuli kwake ni adui. Mpige picha akikunjua mabawa, kisha ngoja ayafumbe umpige tena, kwa kuwa chini ya bawa rangi ni nyingine. Piga na jani alilokaa. Halafu kaa nyumbani, ikuze picha, hesabu vidoa.

Ndege ni habari nyingine. Yuko mbali, na katika picha ya simu anatoka kama punje ya mtama. Kwa ndege tunaona penseli ni bora. Mlinganishe na ndege mnayemjua: ni mkubwa kama kuku, au mdogo kama shomoro? Mdomo wake mnene au mwembamba? Alikuwa chini au juu ya mti?

Chukueni kunguru. Watu husema "kunguru" basi, kumbe wako wawili. Mwenye kifua na shingo nyeupe ni wa kwetu tangu zamani. Mwenye shingo ya kijivu ni kunguru wa India, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 akaenea pwani. Huyo anaiba vifaranga na kuharibu viota vya ndege wengine.

Na bundi je? Akilia juu ya paa watu hutoka na mawe, ati ameleta msiba. Tunawaomba jambo moja. Tazameni chini ya mahali anapolala mchana. Mtakuta vidonge vya manyoya, alivyotapika. Vunjeni kimoja kwa kijiti. Mara nyingi mtakuta mifupa na mafuvu ya panya. Hesabuni mafuvu, kisha mkumbuke mahindi yenu ghalani.

Haya, daftari. Andikeni tarehe, saa, mahali na mlichoona. Mfano: "Jumanne, saa 2 asubuhi, kitaluni. Viwavi 6 kama kinyesi cha ndege, 2 wa kijani. Nimewaondoa." Mkutano ujao kila mmoja aje na mistari mitano, na mwenye kidonge cha bundi akilete kwenye karatasi.