Mshahara wa Askari na Mamlaka ya Serikali: Maasi ya Januari 1964 Afrika Mashariki

Masharti ya utumishi jeshini, yaani mshahara, posho, makazi, upandishaji vyeo na mafao ya kustaafu, huchukuliwa mara nyingi kuwa shughuli ya makarani wa wizara, ilhali maasi ya Januari 1964 yalidhihirisha kwamba yakipuuzwa yanaweza kuitikisa dola yenyewe.

Usiku wa kuamkia 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka Keya, yaani King's African Rifles ya enzi ya ukoloni, waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, Dar es Salaam, wakawakamata maofisa wao wa Kiingereza na kudai mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260, na Waingereza hao waondolewe. Madai hayo mawili yalikuwa na mzizi mmoja, kwa sababu zaidi ya miaka miwili baada ya Uhuru jeshi lilikuwa bado chini ya Brigedia Patrick Sholto Douglas, na Mwafrika aliyezibiwa njia ya cheo alikuwa amezibiwa pia njia ya kipato. Mapema mwezi huohuo Rais Nyerere alikuwa ametoa waraka wa kukomesha upendeleo wa rangi katika utumishi wa umma, hata ule uliowanufaisha Waafrika. Msimamo huo ulikuwa wa haki, kwani raia wote ni sawa, lakini viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliupinga, na kwa askari aliyesubiri cheo haukuleta matumaini yoyote.

Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza na waasi, lakini uasi ulienea hadi Tabora, kisha Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya, na serikali zote tatu zikalazimika, kwa uchungu usiofichika, kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza.

Baada ya hapo njia ziliachana. Tanganyika ililivunja jeshi lake, na baada ya kuungana na Zanzibar kuwa nchi moja, ambayo sasa ni Tanzania, likaundwa jipya, Jeshi la Wananchi, tarehe 1 Septemba 1964. Kenya iliwafikisha waasi mbele ya mahakama ya kijeshi. Uganda ya Waziri Mkuu Obote iliridhia nyongeza kubwa ya mishahara. Nyongeza hiyo peke yake haielezi mapinduzi ya Idi Amin ya 1971, lakini kosa lake ni zito: ilitolewa kwa shinikizo la bunduki, hivyo ikawafundisha askari kwamba bunduki hujibiwa haraka kuliko barua.

Askari wa Tanzania hawaruhusiwi kugoma wala kuunda chama cha wafanyakazi, na katazo hilo ni la lazima kwa usalama wa nchi. Kwa hiyo Bunge, linalopitisha bajeti ya ulinzi kila mwaka, halina budi kuyachunguza maslahi yao kwa utaratibu wa kudumu, kabla hawajalazimika kuyadai wenyewe.